MTOTO SI MALI YA MLEZI
Somo la familia: mamlaka na wajibu wa mlezi wa mtoto

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Esta 2:5-15, 2 Samweli 4:4 na sura ya 9, 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30, Wagalatia 4:1-2.



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha tena kwenye somo letu la familia. Safari hii tumechagua jambo linalogusa karibu kila nyumba ya wakimbizi, hapa Kigali na huko kambini: watoto tunaowalea ambao hatukuwazaa. Ukiuliza katika nyumba fulani watoto ni wangapi, utaambiwa saba. Ukikaa kidogo utasikia kwamba wanne ni wa mwenye nyumba, wawili ni wa marehemu dada yake, na mmoja alishikwa mkono njiani siku ya kukimbia kwa sababu alikuwa analia peke yake. Kwa ajili ya nyumba kama hiyo tunamtukuza Mungu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na ninyi mmeifanya kazi hiyo katika umaskini.

Lakini upendo bila maarifa unaweza kumwumiza yule tunayempenda. Mtoto akitakiwa kufanyiwa upasuaji, nani anatia sahihi? Shamba la marehemu baba yake kule Masisi likipata mnunuzi, nani ana haki ya kusema ndiyo? Baba aliyedhaniwa amekufa akionekana, mtoto ni wa nani? Binti akiharibiwa na jirani, je, mlezi anaweza kupokea fedha na kuyamaliza? Maswali haya yanagawanya familia na kufikia mpaka kwa wazee wa kanisa. Basi tujifunze pamoja.

Neno kuu la somo letu ni hili: mlezi amepewa mamlaka ya kweli, lakini mamlaka hayo yote ni amana. Amepewa kwa ajili ya mtoto, na siku moja atatoa hesabu yake.

1. MLEZI NI NANI?

Tutofautishe watu wanne, maana tukiwachanganya tutakosea katika mambo yote yanayofuata.

Wa kwanza ni mzazi. Baba na mama wote wawili wana mamlaka juu ya mtoto wao. Mmoja akifa, yule aliyebaki anaendelea kuwa nayo. Hapa tuseme wazi, kwa sababu desturi zetu nyingi zinasema vingine: mama mjane si mlezi wa muda anayesubiri ndugu za mume waje kuwachukua watoto. Yeye ni mzazi. Shemeji anaweza kumsaidia, kumshauri, kumlipia ada ya shule, lakini hana haki ya kumnyang'anya watoto kwa sababu ukoo ni wa baba.

Wa pili ni mtu anayekaa na mtoto. Wazazi walio Mahama au Nyabiheke wanaweza kumtuma mtoto kwa shangazi yake Nyamirambo ili asome. Shangazi anamlisha na kumwelekeza, lakini mamlaka ya wazazi hayajahama. Ni vizuri wazazi wampe shangazi karatasi iliyotiwa sahihi, inayosema mtoto yuko kwake kwa ruhusa yao, ili asikwame shuleni au kwenye kituo cha afya.

Wa tatu ni mlezi wa kisheria, yule ambaye kwa Kifaransa anaitwa tuteur na kwenye karatasi za Kinyarwanda mtamwona akiitwa umwishingizi. Huyu anasimama mahali pa wazazi wakati wote wawili wamekufa au hawawezi kutimiza kazi yao. Hajiteui mwenyewe kwa sababu ana nyumba kubwa au sauti kubwa. Anaweza kutajwa katika wosia wa mzazi aliyebaki wa mwisho, au kuchaguliwa na baraza la familia, na ulezi wake unaandikwa kwa afisa wa etasivili.

Wa nne ni mzazi wa kuasili. Kuasili kunamfanya mtoto kuwa mwana wa familia mpya. Ulezi haufanyi hivyo. Mtoto aliye chini ya mlezi anabaki na jina lake, ukoo wake na urithi wake.

2. MORDEKAI, MLEZI UHAMISHONI

Biblia inatupa mfano wa mlezi aliyeishi kama sisi, mbali na nchi ya baba zake. Mordekai alikuwa wa ukoo uliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu, akakaa Shushani, mji wa wageni. Ndugu yake wa ukoo, Hadasa ambaye ni Esta, alifiwa na baba na mama, naye Mordekai akamchukua kama binti yake.

Tutazame mambo mawili. La kwanza liko katika Esta 2:11. Baada ya Esta kuingizwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai hakusema kwamba sasa mzigo umemwondokea. Kila siku alipita mbele ya ua ili ajue hali yake. Mlezi wa kweli anafuatilia. Mtoto akiwa shule ya bweni, akiwa hospitali, akiwa anafanya kazi kwa watu, mlezi anapita na kuuliza.

La pili wasomaji wengi huliruka. Liko katika Esta 2:15. Ingawa Mordekai alimlea kama binti yake, Maandiko yanaendelea kumtaja Esta kuwa binti wa Abihaili. Hata katika sura ya 9, akiwa tayari malkia, bado anatajwa kwa jina la baba yake. Upendo wa mlezi haukufuta jina la marehemu. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye karatasi zetu.

3. SHERIA GANI INATUHUSU SISI WAKIMBIZI?

Wengine husema, "Sisi ni Wakongomani," au "Sisi ni Warundi, mambo ya watoto wetu tutayamaliza kwa desturi ya kwetu." Desturi njema tuzitunze. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, unasema katika kifungu cha 12 kwamba hali ya kiraia ya mkimbizi inaongozwa na sheria ya nchi anamokaa. Haki alizozipata kabla ya kukimbia, kama zile za ndoa yake, zinaheshimiwa. Kifungu cha 16 kinampa mkimbizi njia ya kwenda mahakamani. Tena mkutano uliopitisha Mkataba huo uliziomba serikali ziwalinde wakimbizi walio watoto, hasa walio peke yao na wasichana, na ukataja kwa jina mambo ya ulezi na ya kuasili. Tangu mwanzo dunia ilijua kwamba vita vinapotawanya watu, mtoto anahitaji mtu wa kusimama mahali pake.

Hapa Rwanda sheria inayosimamia watu na familia ni ile Namba 71/2024 ya tarehe 26/06/2024, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2016. Iko pia sheria ya kulinda mtoto, Namba 71/2018 ya tarehe 31/08/2018. Mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Wazee wetu wanaokumbuka miaka 21 wasishangae. Hata Rwanda ilikuwa na miaka 21 katika sheria ya mwaka 1988, kabla ya kuishusha kuwa 18 mwaka 2016.

Juu ya yote, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 18 kwamba mzazi au mlezi atangulize maslahi bora ya mtoto. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa, kwa kadiri ya umri wake, katika mambo yanayomhusu. Hili linakubaliana na imani yetu, maana Bwana Yesu hakuwaruhusu wanafunzi wawafukuze watoto waliotaka kumkaribia.

4. MAMLAKA YA MLEZI

Mlezi si mtumishi wa mtoto. Amepewa mamlaka, na watoto wanaolelewa wanapaswa kumtii.

Ana mamlaka ya kuamua mtoto akae wapi, asome shule gani, atibiwe wapi, na kumwongoza katika tabia njema na imani. Ana mamlaka ya kumwakilisha: kutia sahihi kwa niaba yake, kumwandikisha shuleni na kwenye mituweli, kwenda ofisini na mahakamani kudai haki yake. Ana mamlaka ya kutunza mali ya mtoto, awe ameachiwa shamba, ng'ombe, nyumba au fedha. Pia ana haki ya kumrudi mtoto anapokosea, lakini kurudi si kupiga mpaka kuumiza, wala kumnyima chakula, wala kumfungia nje usiku. Hayo sheria inayakataa, na Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Katika Wagalatia 4 Paulo anaeleza mrithi aliye mtoto. Mali yote ni yake, lakini kwa sasa yuko chini ya walezi na mawakili mpaka wakati uliowekwa na baba. Maneno hayo yana mambo matatu: mwenye mali ni mtoto, mlezi ni wakili tu, na uwakili una mwisho. Siku mtoto anapotimiza umri, mlezi anaweka mezani kila kitu alichokitunza.

5. MAMBO AMBAYO MLEZI HANA MAMLAKA NAYO

Hana mamlaka ya kuuza mali ya mtoto peke yake. Ardhi au nyumba ya mtoto haiuzwi kwa neno la mtu mmoja, bali kwa idhini inayotakiwa na sheria, na kwa faida ya mtoto mwenyewe. Wala haifai mlezi ajiuzie yeye au mke wake kwa bei ya kirafiki. Ndugu, siku hizi shamba la Rutshuru linaweza kuuzwa kwa simu kutoka Kigali, na fedha zikafika jioni hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye kijana anarudi kwao na kukuta nyumba ya mgeni juu ya kaburi la baba yake. Mithali 23:10-11 inatuonya tusiingie katika mashamba ya yatima, kwa sababu wao wanaye Mtetezi mwenye nguvu. Yatima wa kambini hana wakili wa kumlipa, lakini huyo Mtetezi anaijua mipaka ya shamba lake.

Hana mamlaka ya kumwoza mtoto. Umri wa ndoa Rwanda ni miaka 21. Sheria ya 2024 imeruhusu aliyefikisha miaka 18 kuomba kibali maalumu akiwa na sababu ya msingi. Chini ya miaka 18 hakuna kibali, hata kama posa imepokewa, hata kama kanisa limeombwa libariki. Mchungaji anayebariki ndoa kama hiyo anashiriki dhambi na kosa.

Hana mamlaka ya kusamehe uhalifu kwa niaba ya mtoto. Mtoto akiharibiwa, mlezi hawezi kukaa na mkosaji, kupokea ng'ombe au fedha, na kuandika kwamba yamekwisha. Hilo ni kosa la jinai na halina mapatano ya nyumbani. Apelekwe mara moja Isange One Stop Centre, huduma iliyoanzia hospitali ya polisi Kacyiru mwaka 2009 na kuenezwa katika hospitali nyingine, ambako anapata matibabu na ushauri, na ushahidi unatunzwa. Msimwogeshe kwanza wala msifue nguo zake. RIB inapokea taarifa kwa namba 166. Msamaha wa moyoni ni neema ya Mungu, lakini hauzuii haki kufuata mkondo wake.

Hana mamlaka ya kumfanya mtumwa wa nyumba. Mtoto kuosha vyombo na kuchota maji pamoja na wenzake ni malezi. Lakini mtoto mmoja kuchota maji ya nyumba nzima wakati watoto wa kuzaliwa wanaenda shule, huo ni utumwa. Ayubu alipokuwa anajitetea mbele za Mungu (31:17) aliuliza kama aliwahi kula tonge lake peke yake bila yatima kula naye. Kila mlezi ajipime kwa sufuria yake.

6. SIBA NA MEFIBOSHETHI

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano Sauli na Yonathani walipouawa. Yaya wake akamchukua akakimbia, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Ni mtoto wa vita. Akakulia ugenini, Lo-debari, katika nyumba ya Makiri. Daudi alipomkumbuka, alimrudishia mashamba yote ya Sauli, akamwagiza Siba, mwenye wana 15 na watumishi 20, ayalime na kumletea mazao bwana wake.

Siba alifanya nini? Daudi alipokimbia mbele ya Absalomu, Siba alikuja na punda waliobeba mikate na divai, akamsingizia Mefiboshethi kwamba amebaki mjini akitaka ufalme. Katika fujo ya ukimbizi mfalme hakuuliza maswali mengi, akampa Siba yote. Daudi aliporudi alisikia habari ya upande wa pili, lakini hata hapo shamba liligawanywa nusu kwa nusu.

Wakati huo Mefiboshethi alikuwa mtu mzima tayari, lakini alikuwa kiwete na alitegemea wengine kwa usafiri na mali. Somo kwetu ni hili: wakati wa kukimbia ndio wakati mawakili wabaya wanapopata nafasi. Mashahidi wametawanyika, karatasi zimeungua, wakubwa wana haraka. Anayesema kwanza ndiye anayesadikiwa. Kwa hiyo mtoto aliyekimbia vita anahitaji mambo yake yaandikwe kuliko mtoto aliyebaki kwao.

7. NCHI HII ILIVYOJIFUNZA

Rwanda inaijua habari hii kwa machozi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watoto wengi mno waliachwa bila wazazi, na kulikuwa na nyumba ambazo mkubwa wake alikuwa mtoto. Watu wengi waliwapokea yatima kwa moyo mweupe. Hapa Nyamirambo, Damas Gisimba, aliyefariki mwaka 2023, aliwaficha na kuwaokoa mamia ya watu katika kituo cha yatima cha familia yake, wengi wao wakiwa watoto.

Lakini walikuwako pia walezi wa aina ya Siba. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2003 ilieleza jinsi yatima walivyonyang'anywa ardhi na walezi na ndugu zao, na wengine kutumikishwa majumbani. Wasichana walikuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa desturi haikuwapa urithi wa ardhi. Sheria ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka kwamba wana na mabinti wanarithi sawa. Wazazi wenzetu, tusilipite hilo: binti tunayemlea anarithi kama kaka yake.

Hatua nyingine ilifuata. Kuanzia mwaka 2013 mpango wa Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia, uliwatoa watoto katika vituo vya yatima na kuwapeleka katika nyumba. Familia zinazopokea watoto wasio wao zikapewa jina la Malayika Mulinzi, jina ambalo sisi wa Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa. Katika kila mudugudu wakachaguliwa watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Wasaidizi hawa wako karibu nasi, na si vibaya mkimbizi kuwabishia hodi.

8. UKWELI KATIKA KARATASI

Sasa turudi kwa binti wa Abihaili. Wengi wetu tulipofika tuliulizwa: mtoto huyu ni nani wako? Kwa hofu ya kutenganishwa, au kwa upendo tu, wengine wakasema ni wa kuzaa. Katika lugha yetu si uongo mkubwa, maana mtoto wa ndugu ni mtoto. Lakini kwenye karatasi neno hilo lina uzito mwingine.

Kwanza, linamzibia mzazi njia. Msalaba Mwekundu hutafuta watu waliopotezana katika vita kwa kutumia majina ya baba na mama. Kama mtoto ameandikwa kwa jina lako, mama yake anayemtafuta kutoka Uvira au Bujumbura hatampata.

Pili, linaweza kuivunja familia baadaye. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA za familia zilizoomba kuunganishwa na ndugu zao, ikianzia Nairobi na kuendelea katika nchi nyingine za Afrika. Familia ambazo maelezo yote yalithibitika zilikuwa chache mno, na mpango huo ukasimamishwa mwaka huo huo mpaka 2012. Wako waliokuwa wamedanganya kwa faida. Lakini kipimo cha DNA hakijui kumtofautisha tapeli na shangazi aliyelea kwa machozi. Kinaonyesha tu kwamba si mama. Milango ya kuhamia nchi nyingine hufunguka na kufungwa, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha tena kupokea wakimbizi. Ukweli hauna haja ya kubadilishwa kila mlango unapofunguka.

Tatu, mtoto mwenyewe ana haki ya kujua. Mwambieni kwa upole baba yake alikuwa nani na kijiji chao kinaitwaje, kabla hajaambiwa na jirani siku ya ugomvi.

Aliyeandikwa isivyo aende HCR au MINEMA, aeleze wazi na kuomba karatasi isahihishwe. Mtoto aliye na ndugu asiye mzazi, na mtoto aliye peke yake kabisa, kila mmoja ana utaratibu wake wa kutazamwa maslahi yake. Lengo la utaratibu huo ni ulinzi wake, si kumpokonya yule anayemlea vema.

9. MAMBO YA KUFANYA SASA

Kila familia inayolea ianze na haya:

a) Andikeni jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya baba na mama, kijiji, na jinsi alivyofika kwenu. Mashahidi wawili watie sahihi.

b) Hakikisheni kuzaliwa kwake kumeandikwa, na kwamba karatasi ya familia ya HCR inaonyesha uhusiano wa kweli.

c) Kama wazazi wote wamekufa, ulizeni kwenye ofisi ya murenge jinsi ulezi unavyoandikwa. Msaada wa sheria usiolipiwa unapatikana kwenye ofisi ya MAJ ya wilaya.

d) Orodhesheni mali ya mtoto, hata iliyobaki Kongo au Burundi: shamba, mipaka yake na majirani wanaolijua.

e) Fedha zikitumwa kwa ajili ya mtoto, iwe kutoka Kanada au kwa simu kutoka Bukavu, ziandikwe katika daftari: zimeingia ngapi, zimetumika kwa nini. Mali bila daftari huisha bila habari.

f) Mara moja kwa mwaka, mlezi aketi na ndugu au wazee wawili wa kanisa, awasomee daftari hilo, naye mtoto asikilizwe bila mlezi kuwapo.

g) Wazazi mlio hai, hasa wajane na wagonjwa, tajeni leo mlezi mnayemtaka, kwa maandishi, na mzungumze naye akubali. Kuandika wosia hakuiti kifo. Bwana wetu pale msalabani, katikati ya maumivu, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi mbele ya mashahidi (Yohana 19:26-27).

Nalo kanisa lina sehemu yake. Tusiwagawe watoto kwa tangazo la Jumapili, tukimpa yeyote anayenyosha mkono. Tuwatembelee wanaolelewa. Tuwasaidie walezi kwa unga, sabuni na madaftari, maana walio wengi wanalea kwa shida na hawalalamiki. Mlezi mwaminifu asiachwe peke yake.

HITIMISHO

Wapendwa, Mwana wa Mungu alipokuja duniani alikubali kulelewa na Yusufu. Herode alipotaka kumwua, Yusufu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Alimtunza ugenini, akamrudisha wakati ulipotimia, wala hakusema kamwe kwamba mtoto huyu ni mali yangu. Mungu alimwamini seremala aliye mkimbizi kumtunzia Mwanawe. Leo amewaamini ninyi.

Basi tuwalee kwa mikono miwili: mkono mmoja wa upendo unaolisha, na mwingine wa uaminifu unaoandika na kutoa hesabu. Siku mtoto atakapokuwa mtu mzima na kuuliza, "Baba mdogo, mlinitunzia nini?", tuweze kufungua daftari bila kuinamisha uso. Bwana awabariki.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Nyumbani kwetu, nani ni mzazi, nani anakaa tu na mtoto, na nani ni mlezi wa kisheria?
2. Kwa nini Biblia iliendelea kumwita Esta binti wa Abihaili?
3. Siba alitumia nafasi gani kupata mali ya Mefiboshethi? Nafasi kama hiyo iko wapi kati yetu?
4. Je, chakula, nguo na kazi za nyumbani vinagawanywa sawa kwa watoto wote wa nyumba yetu?
5. Tukifa usiku huu, watoto wetu watabaki kwa nani, na imeandikwa wapi?

Andiko la kukariri mwezi huu: Mithali 23:10-11. Kila familia ilisome kwa sauti baada ya maombi ya jioni, na watoto wawepo.